Kiganja cha Mtama Ndani ya Kikapu

Nairobi,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Najua umeitikia marahaba kabla hata hujavaa miwani, na miwani yenyewe umeitafuta nyumba nzima kumbe iko kichwani kwako. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, na kanisani naenda, kwa hiyo maswali yako matatu nimeyajibu kwa mpigo mmoja. Sasa nijibu na wewe. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umempa shangazi? Kaka Yona ameniambia alizeti imekubali mwaka huu, na kwamba ugonjwa wa kideri umepita bandani ukamwondoa yule jogoo mwekundu. Pole sana. Nilikuwa namwogopa jogoo yule, lakini sikumwombea kifo.

Barua hii anakuletea Mzee Shabani, dereva wa lori la vitunguu. Ameshusha mzigo wake sokoni huku na kesho anageuza kurudi Singida. Akikuambia sijampa kitu, usimsikilize, amekunywa chai yangu vikombe vitatu na chapati sikuzihesabu.

Utashangaa kuona barua wakati juzi tu tulizungumza. Kwenye simu, mama, hunipi nafasi. Ukisikia sauti yangu unauliza nimekula nini, halafu unaniambia nikate nisije nikamaliza salio. Na mimi kwa wiki tatu nimekuwa nikijificha nyuma ya hilo salio. Nina neno la kukuambia kuhusu duka lako, na sikuweza kulisema huku nasikia unavyopumua upande wa pili. Kwa hiyo keti. Kama unasonga ugali, maliza kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua nafanya kazi kwenye soko la mtandaoni, lile lile nililokufungulia duka nilipokuja likizo. Wakikuuliza kanisani unasema Naomi anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, na mimi nimekuacha useme hivyo kwa sababu inasikika vizuri. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kusikiliza lawama. Ukumbi wetu ni mkubwa kama ghala la pamba, tumepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu na hedifoni yake kichwani, na kila mtu anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Sisi Watanzania tuliajiriwa kwa ajili ya Kiswahili. Wenyeji wanasema Kiswahili chetu kinamtuliza mtu mwenye hasira. Huwa nawaambia hawajamsikia mama yangu akizungumza na mbuzi walioingia shambani.

Wanaopiga simu usiwaone wakorofi. Mwalimu mmoja wa Songea aliagiza meza ya kahawa kwa ajili ya sebule yake, ikaja meza ya kuchezea watoto, haimfiki hata kwenye goti. Kwenye picha ilikuwa meza ya watu wazima kabisa. Aliniuliza kwa upole tu, wageni wake wakija awaambie walale chini ndipo wanywe? Mzee mmoja wa Mtwara aliletewa viatu viwili vya mguu wa kulia. Kuna mama aliyeandikiwa kwenye simu kwamba mzigo wake umeshapokelewa, naye alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi na hakumwona mtu. Wenye maduka nao hulia. Fundi mmoja wa ngozi wa Moshi alikuta picha za mikoba yake kwenye duka la mtu mwingine, akalalamika, likafungwa duka lake yeye. Wote hao niliwasomea maneno yaleyale yaliyo kwenye kioo, kwamba tunasikitika kwa usumbufu na suala lako linashughulikiwa. Mwaka wa kwanza nilisikitika kweli. Baadaye mdomo ukazoea kusikitika peke yake, na mimi nikawa nafikiria mambo mengine.

Tena tunapimwa kwa dakika. Kila lalamiko lina dakika nne. Ukizidisha, jina lako linakuwa jekundu kwenye kompyuta ya msimamizi. Mimi nimewahi kuandikwa makosa mawili, na yote ni ya kuzungumza mno. Moja lilikuwa la yule mzee wa viatu, maana alitaka kunieleza viatu vilikuwa vya mahafali ya nani, na sikuweza kumkatisha.

Sasa nafika penyewe. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, niliwekwa kwenye kazi ya namna nyingine, si ya simu. Duka likilalamikiwa mara tatu kwa kosa moja, kompyuta hulisimamisha, halafu mhudumu mmoja husoma malalamiko, huangalia picha, huamua kama lifungwe au liachwe. Jina la duka halionyeshwi, ili mtu asipendelee. Tunaona namba tu.

Duka lile lilikuwa la vikapu. Mtu wa Dar es Salaam aliandika kwamba kikapu chake kimekuja na fukusi. Wa Arusha aliandika kwamba ameuziwa kikapu kilichokwishatumika, kwa sababu ndani amekuta mabaki ya nafaka. Wa tatu, mama mmoja wa Mwanza, aliandika kwa herufi kubwa kwamba ametumiwa uchawi. Alipiga na picha. Ilionyesha kikapu cha nyasi chenye mistari ya zambarau, na chini yake kiganja cha mtama mwekundu.

Mama, niliitazama picha ile. Nataka ujue kwamba niliitazama, sikupitiwa. Nilikuwa na dakika nne na nilitumia moja. Kuna orodha ya sababu, nikachagua iliyoandikwa "bidhaa imechanganywa na uchafu". Kuna orodha ya adhabu, nikachagua kufunga, adhabu inayokwenda na jina la muuzaji mdanganyifu. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Kisha nikaenda kunywa chai na wenzangu.

Kesho yake ukapiga wewe. Nilikuwa kwenye ngazi za ofisi, nimechelewa. Hukuuliza nimekula nini. Ulisema, "Naomi, wameniandikia mimi ni muuzaji mdanganyifu. Nimemdanganya nani?"

Nikakuambia labda mtambo umekosea, nitafuatilia. Ulinitumia picha ya ujumbe wao. Nilipokaa mezani nikaiandika ile namba ya duka kwenye kompyuta, faili likafunguka, na chini kabisa, mahali pa aliyethibitisha, palikuwa na jina langu. Langu na la marehemu baba, maana hapa tunaandikwa majina yote mawili.

Aliyekufungia duka ni mimi, mama. Si mtambo, si Wazungu, si watu wa Dar kama anavyodai kaka Yona. Ni mimi uliyenizaa.

Nilipoirudia ile picha kila kitu kilinizomea. Mistari ya zambarau ni ya nyuzi za viroba, wewe ndiye unayevifumua jioni ukiwa umekaa kwenye kigoda. Kikapu cha namna ile nimebebea mahindi tangu shingo yangu ilipopata nguvu. Mtama ule nimeupepeta. Na tangu nizaliwe sijaona kikapu kinatoka nyumbani kwetu kikiwa kitupu. Hata mtu akiwa amekinunua, wewe unamtilia kitu, kwa sababu chombo kitupu hupewa mtu usiyetaka arudi. Nilikuwa na miaka saba uliponichapa kwa kurudisha bakuli la shangazi likiwa limeoshwa tu, ukaniwekea karanga ndani na kunirudisha kwa mguu mpaka kwake kwenda kuomba radhi. Haya yote nilikuwa nayajua. Halafu niliuona mtama kwenye kioo nikauita uchafu.

Kilichoniumiza si kwamba nilibonyeza. Ningeweza kubonyeza kwa bahati mbaya, mtu akinishtua. Niliumia kwa sababu sikushtuka mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi ni lini nilianza kuwa mtu wa namna hii, na sijapata siku yake.

Nilimpigia Bwana Kanti pale mjini Singida, kwa kuwa mizigo yako yote hupitia kwenye duka lake la vitambaa. Alisikitika sana. Akanieleza kwamba tangu kikapu cha kwanza aliuona mtama wakati wa kupima uzito, na alikuambia uutoe kwa sababu uzito hautalingana na ulioandikwa. Akasema ulimtazama ukamjibu, "Bwana Kanti, wewe bakuli la jirani unalirudisha tupu?" Akacheka akaacha, maana hata nyumbani kwao, anasema, marehemu mama yake alikuwa haachii chombo cha mtu kitoke bila sukari au dengu kidogo. Kwa hiyo alikufungia mzigo pamoja na mtama wake. Sasa anajilaumu na yeye, na amenituma nikuombe radhi. Unaona, tuko wengi kwenye foleni hiyo, lakini mimi niko mbele.

Kaka Yona naye amenieleza usiyonieleza. Kwamba nyasi ulizoloweka zimeoza kwenye ndoo. Kwamba wale wenzako wanne mnaosuka pamoja walikuja kuuliza vikapu vyao vitauzwa wapi sasa, ukawaambia mikono inauma. Kwamba kwenye kwaya ya akina mama kuna aliyeuliza kwa sauti ya kunong'ona inayosikika kama ni kweli umedanganya watu kwenye simu, na tangu hapo unakaa benchi la nyuma. Mikono yako haijawahi kuuma, mama. Baba alipofariki ulisuka vikapu kumi na viwili ndani ya eda ya huzuni yako, na hukusema inauma. Kinachouma nakijua, nami ndiye niliyekileta.

Wengine wanadhani duka lile lilikuwa la biashara tu. Mimi nakumbuka kikapu kimoja kilipokwenda Bukoba ulinipigia kuuliza huko wanakula nini, na nilipokwambia ni ndizi, ulisema basi watakuwa wamekitumia vizuri. Kilipokwenda Tanga ulitaka kujua kama ni mbali kuliko Dodoma. Miguu yako imeishia Nzega, lakini vikapu vyako vilikuwa vinatembea nchi nzima, na kila kimoja kilikwenda na salamu yako ndani. Mimi ndiye niliyewaambia watu salamu hiyo ni takataka.

Nikasema nitalifungua mwenyewe. Haikuwezekana. Aliyefunga hafungui, na ndugu wa mwenye duka haruhusiwi kuligusa kabisa. Basi siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko, nikatoka nje barabarani nikapiga simu ile ya malalamiko kama mteja mwingine yeyote. Nilichezewa muziki mpaka nikaujua wote. Sauti ya mashine ikanitaka nibonyeze moja, halafu tatu, halafu ikanirudisha kwenye moja. Mwishowe alipokea binti, nikamtambua kwa sauti, ni mtu wa Iringa anayekaa meza ya tatu kutoka kwangu. Hakunitambua. Akanisomea kwamba wanasikitika kwa usumbufu na suala langu linashughulikiwa, akaniuliza kama kuna lingine la kunisaidia. Sikumlaumu, alikuwa na dakika zake nne. Lakini nilisimama pale kando ya barabara na kuelewa yule fundi wa ngozi wa Moshi alikuwa anajisikiaje mimi nilipomkatia simu.

Nikarudi ndani nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wetu. Anaitwa Wairimu. Ni mdogo kwangu kwa umri, mkali wa kazi, lakini si mtu mbaya. Nilimweleza yote, mpaka bakuli la shangazi na zile fimbo. Aliniuliza kama nilijua kuwa duka ni la mama yangu wakati ninafunga. Nikasema hapana.

"Basi hukukosa," akasema. "Ulifuata utaratibu."

Nikamwambia hicho ndicho kinachoniuma, kwamba nilifuata utaratibu na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Akafunga mlango, akanieleza kwamba kuna njia mbili tu. Ya kwanza, mwenye duka anajaza fomu akikiri kwamba aliweka uchafu ndani ya bidhaa kwa makusudi, na anaahidi hatarudia. Ya pili, mhudumu aliyefunga anaandika kwamba aliamua vibaya, na kosa linahamia kwake. Akanikumbusha kwamba nina makosa mawili tayari. La tatu likiandikwa, mkataba hauongezwi. Alinishauri kama dada nikutumie fomu ya kwanza, kwa kuwa ni karatasi tu na wewe huko kijijini itakudhuru nini?

Nilikaa na fomu ile siku mbili. Niliisoma mara nyingi nikijaribu kukuona wewe umevaa miwani yako, umekaa mezani, unaandika kwa mkono wako kwamba mtama wako ni uchafu na uliuweka kwa makusudi. Kwa makusudi uliuweka, hilo ni kweli. Hayo mengine sikuweza.

Kabla sijaamua nilitaka kumsikia yule mama wa Mwanza. Tunaruhusiwa kuwapigia wateja kuuliza kama wameridhika, basi nikatumia mwanya huo. Nilidhani atanifokea. Akanisimulia kwamba kikapu alikinunua kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Walipokifungua mbele ya ndugu na mtama ukamwagika, wifi yake akapiga kelele kwamba harusi imerogwa. Wakamwita mchungaji, wakaomba, wakakichoma kikapu nyuma ya nyumba. Binti hakulala kwa hofu. Mama, mpaka hapo mimi mwenyewe nilianza kumhurumia, maana fikiria siku ninayoolewa, halafu wifi yako analeta maneno kama hayo.

Ndipo nikamweleza kwamba kikapu kile kimesukwa na mama yangu mzazi, na mtama ulikuwa wa nini. Alinitaka nirudie hayo ya mtama, nikarudia. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi ni Msukuma. Kwetu nasi chombo hakitoki kitupu. Mama yako angenikabidhi kwa mkono wake ningepiga goti nikashukuru. Lakini kwenye simu mtu humwoni. Usiyemwona unamwogopa."

Akalia kidogo. Akaniomba nikufikishie kwamba anajuta kuchoma kazi ya mikono yako, na kwamba binti yake ameolewa salama na yuko Geita. Zile dakika nne nilizizidisha mara tatu, na jina langu likawa jekundu, nikaliacha liwe jekundu.

Nilipokata simu nikachukua karatasi ya njia ya pili. Nikaandika kwamba mimi Naomi niliamua vibaya, kwamba kilichokuwa ndani ya kikapu si uchafu ni nafaka safi ya zawadi, na kwamba mhudumu mwenye akili zake, tena mzaliwa wa kijiji cha Misigiri vinakosukwa vikapu hivyo, alipaswa kujua. Wairimu alisema hayo ya Misigiri hayahitajiki. Nikamwambia yaache. Akayaacha, na nadhani alitaka kucheka.

Kwa hiyo yaliyotokea ni haya. Lile neno mdanganyifu limefutwa kwenye duka lako tangu Jumatano, na Bwana Kanti ameliona kwa macho yake kwenye simu yake. Mwambie aje nayo kanisani akamwonyeshe yule wa kwaya, ingawa kanisa si lake. Mimi mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi ujao na hautaongezwa. Usianze kulia na usimwambie shangazi, maana kesho yake itajulikana mpaka Kiomboi. Sijafukuzwa, nimemaliza. Nitatafuta kazi nyingine huku, na nikikosa, njia ya kurudi Singida naijua.

Lakini duka lenyewe bado halijafunguka kabisa. Linangoja sahihi yako. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ndogo yenye mstari mmoja, inayosema kwamba kila mzigo utakuwa na bidhaa iliyotangazwa peke yake. Nilijaribu kuomba mtama uandikwe kwenye tangazo, kwamba kikapu kinakuja na kiganja cha nafaka. Ikaonekana nafaka ni chakula, chakula kinataka cheti, na cheti kinataka jengo lenye sakafu ya vigae na mambo mengine ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hana. Maana ya mstari ule ni kwamba vikapu vitoke vitupu. Sikutaka kukuficha hilo kwa maneno matamu.

Ningeweza kukusainia. Sahihi yako naijua vizuri kuliko unavyodhani, waulize walimu wangu wa darasa la sita, zile ripoti ulizokuwa huzioni zilirudi shuleni zimesainiwa safi kabisa. Safari hii sikuthubutu. Wenzako wanne wanalihitaji duka, na najua utawafikiria wao kwanza kabla ya kujifikiria mwenyewe. Na yule mama wa Mwanza hakuwa mbaya, aliogopa tu, na watakaoogopa kama yeye watakuwepo wengine. Ukisaini hutakuwa umekubali kwamba mtama ni uchafu, kwa sababu hilo nimeshaliandika mimi kuwa ni uongo na limekaa kwenye faili lao. Usiposaini, nitamwambia Wairimu kwamba mama yangu amekataa kuwafukuza wageni wake, na nitatoka ofisini siku yangu ya mwisho nikiwa nimenyoosha shingo. Sikuelekezi. Jibu la duka mpe Bwana Kanti.

Nisalimie kaka Yona, na umwambie aache kusema ni watu wa Dar. Nisalimie wifi yangu na kitoto chake ambacho sijakibeba. Msalimie shangazi mwenye bakuli, bila kumweleza. Dada Eliza akija kutoka Sepuka alikoolewa, mwambie nimepata ujumbe wake na nitamjibu. Baba mdogo anayelima upande wa barabarani mpe pole ya ng'ombe wake. Na wale wenzako wanne unaosuka nao, wasomee barua hii yote, usiruke mahali ninapojitaja. Wana haki ya kujua ni nani.

Na wewe, mama. Mengine yote yakiisha, linabaki langu na lako. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu, na nimeikana kazi ya mikono iliyonilea, nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri na kikombe cha chai kinaningoja. Naomba unisamehe. Najua wewe si mtu wa kusamehe haraka haraka ili mambo yaishe, na sitaki uharakishe. Ila ukishamaliza kusoma, nibipu. Usiongee kitu, bipu tu ukate. Nitaona jina lako kwenye simu na nitajua umeisoma mpaka mwisho na namba yangu hujaifuta. Halafu nipe muda nijifute uso, nami nitakupigia.

Ni mimi mwanao, niliyekufungia duka,

Naomi